Wageni wa Bwana Harusi

3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, mpe Mama shikamoo yake, maana najua amekaa hapo pembeni ameweka mguu kwenye kigoda, na usipoanza na yeye atakukatiza kila mstari. Mama, shikamoo. Huo mguu vipi? Unakunywa dawa au unazificha chini ya mto kama ule mwaka mwingine? Sisi huku wazima. Mkwe wako yuko safarini na lori lake, amerudi juzi akala, akalala, akaondoka. Chumba chetu kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo nimeujua ule ukuta vizuri kuliko ninavyomjua jirani mwenyewe.

Kazi nimepata, Mama acha kuomba sasa, pumzika. Ni ile bustani ya wanyama wa baharini niliyowaambia. Navaa nguo ya mpira, nabeba mtungi wa hewa mgongoni, nashuka bwawani na brashi kusugua vioo ili watu waone vizuri. Kaka, wewe uliyekuwa unaniita Bata kunicheka, cheka tena: Bata sasa analipwa kuogelea.

Bwawani kuna pomboo mmoja dume, mkubwa, urefu wake ni kama kitanda na nusu. Wanamwita Bwana Harusi, kwa sababu amenyooka, anang'aa, na saa zote anatabasamu. Watoto wakimwona wanapiga kelele mpaka vioo vinatetemeka. Wiki iliyopita wavuvi wameleta mwingine aliyenaswa na nyavu. Huyu ni mdogo, mnene kidogo, uso umekatika kama aliyegonga mlango. Mdomo uliochongoka hana. Mwenye bustani akasema ni pomboo vilevile, atiwe humo humo, wawili hao ni binamu. Tukamwita Mgeni.

Mgeni hachezi. Anazunguka chini, karibu na bomba, anapanda kuvuta pumzi na kurudi. Sijawahi kusikia sauti yake. Sasa wewe fundi mifupa wa makumbusho, uliyeishi na mafuvu kuliko watu, hebu niambie: kweli hawa ni binamu?

Mimi mdogo wako,
Bata


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anasema marahaba, anasema mguu ni mzima (si mzima), na anasema aliyekwambia kuhusu dawa chini ya mto ni mwongo. Barua yako nimemsomea mara tatu. Pale pa mtungi wa hewa kila mara anashika kifua, kwa hiyo mara ya tatu nilipapita.

Swali lako limenifurahisha, maana mkuu wetu anataka kabati moja la kioo lenye wanyama hao hao wawili, wamewekwa ubavu kwa ubavu ili wanafunzi walinganishe. Bwana Harusi wako nimeshamuunga mifupa zamani, yaani mwenzake aliyekufa ufukweni. Huyo ndiye pomboo mdomo mrefu. Fuvu lake limechongoka mbele, pezi la mgongoni limepinda kama mundu, na meno ni vigingi: ya mviringo, yamechongoka, yanaachana kwa nafasi sawa. Mgeni wako ni pomboo butu. Wa kwangu bado sijampata, nina fuvu lake tu. Uso mfupi, pezi dogo la pembetatu, na meno bapa kama vijembe vya kuchezea watoto. Huyo wa kwanza ni wa makundi na kelele, anapiga mluzi. Wa pili hukaa kivyake, na sauti yake ni nyembamba mno, masikio yetu hayaifikii. Kwa hiyo usiseme yuko kimya. Huenda anapiga kelele mchana kutwa.

Binamu ni binamu, lakini wa mbali sana, wale wa kukutana msibani tu. Nisingewaweka chumba kimoja. Mwambie mwenye bustani.

Jambo moja la kukuchekesha. Tabasamu la Bwana Harusi halimo kwenye mifupa. Nimeligeuza lile fuvu huku na huku. Ni nyama tu imekaa hivyo, hata akiwa na hasira atatabasamu, hata akifa.

Mama anauliza kama kuna habari nyingine. Unajua anauliza habari gani. Nimemwambia asikusumbue, akasema hakusumbui, anauliza tu.

Kaka yako


14 Machi

Kaka,

Shikamoo, na shikamoo Mama. Mguu nimesikia, Mama, kunywa dawa. Hapa mvua imeanza, ule ukuta wa jirani umeota ukungu na angalau una rangi sasa. Mkwe wako amepita, amemletea Mama kitenge, atakipata akipatikana mtu wa kuja huko.

Habari nyingine hakuna, Mama. Zikiwepo utasikia wa kwanza. Asubuhi tumbo linanichafuka kidogo, ni maji ya huku, usianze.

Mgeni amekufa. Nilifika kazini nikamkuta amelala chini kando ya bomba, ubavu juu. Ngozi ilikuwa na mistari, mistari inayokwenda pamoja, kama mtu amepitisha kitana kwenye ugali. Mwenye bustani alisema ni nyavu za wavuvi, tena amekufa kwa upweke, wanyama hao wana moyo mwepesi. Nikasema, "Lakini alipokuja hakuwa na mistari." Akasema, "Ulimpima?" Kweli sikumpima.

Usihuzunike, anakuja kwako. Mwenye bustani alisikia habari za kabati lenu akaamua kuwapa kama zawadi, na jina la bustani liandikwe. Na tumeshapata mgeni mwingine. Nilimwambia ulivyosema, kwamba wasiwekwe pamoja. Akacheka, akasema Bwana Harusi hawezi kumdhuru nzi.

Na kweli, Kaka, amenizoea ajabu. Zamani nilikuwa nasugua vioo hanitazami. Sasa nikishuka tu anakuja, anasimama mbele yangu, anatoa ile sauti ya kugonga gonga kama kucha juu ya meza. Naisikia mpaka ndani ya mwili.

Bata


9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Mama ana presha, daktari amesema asipewe habari za kumshtua, hata nzuri zipimwe kwanza. Kitenge anakisubiri. Anakusalimu na anataka ujue kwamba maji machafu hayachafui tumbo kila asubuhi kwa mwezi mzima. Hayo ni maneno yake, mimi simo.

Sanduku limefika. Nimemchemsha, nimemsafisha, nimemkausha, nimemuunga. Yuko kabatini sasa, kushoto kwa yule mdomo mrefu. Mkuu amefurahi, ametuma picha kwa mwenye bustani yako kumshukuru. Kazi imetoka safi.

Mengine tutaongea tukionana.

Hivi huyo mnyama alipotolewa majini, aliangushwa? Alipakiwa kwenye gari lenye mzigo mzito? Usijibu nyumbani. Niandikie kazini, makumbusho, jina langu mbele. Mama ananichungulia begani, nafunga.

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Hii ni barua ya kwanza katika maisha yangu nakuandikia bila Mama kusikiliza, na mkono unaona haya.

Hakuangushwa. Nilimbeba mimi mwenyewe upande wa kichwa, na wenzangu wawili upande wa mkia, tukamlaza kwenye godoro. Kwa nini unauliza? Umeuliza kisha umekaa kimya, na wewe ukikaa kimya mimi nalala vibaya. Wa pili naye amekufa. Huyo walimtoa kabla sijafika, nikakuta maji yamebadilishwa. Sasa yuko wa tatu, anajibana chini ya ngazi za chuma, nikishuka namwona macho tu.

Kwa kuwa Mama hasomi hii, nikwambie. Nina mimba. Inaingia mwezi wa nne. Zile mbili zilizopita nilisema mapema, Mama akatangaza mtaa mzima, akafuma na kofia, na kofia zile bado ninazo. Safari hii nimeapa sisemi mpaka mtoto alie. Mume wangu anajua, na wewe sasa. Mwenye bustani hajui. Akijua nitatolewa majini, nitakaa kukatisha tiketi mlangoni, na nafasi yangu hairudi. Nguo ya mpira inabana, haionyeshi kitu. Nimepanga kuendelea hadi mimba ifike mwezi wa sita, basi.

Lakini nadhani Bwana Harusi anajua. Usinicheke. Anakuja, anaweka pua hapa, juu ya kitovu hasa, anagonga gonga na ile sauti yake. Nikigeuka anazunguka anarudi mbele. Mwanzo niliona raha, nikafikiri angalau kuna kiumbe mmoja naweza kusherehekea naye. Watu nje ya kioo wanapiga makofi. Mwenye bustani ameona, na sasa anataka tufanye maonyesho siku ya ufunguzi wa jukwaa jipya, mimi na yeye, muziki na taa.

Jana alinisukuma kidogo. Mchezo tu. Nilipofika nyumbani nikaona pamevilia kidogo ubavuni.

Niandikie upesi. Wewe ndiye mtu wa kunipa moyo.

Bata


11 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu utazipata baadaye. Toka majini. Soma barua hii ukiwa nchi kavu, na ukimaliza usirudi humo.

Mgeni wako alipofika mezani kwangu mbavu zake zilikuwa zimevunjika pande zote mbili. Si mmoja, si mbili. Bega limepasuka. Nyavu hazifanyi hivyo, nyavu hukata ngozi na kuzamisha. Mtu angeniletea mifupa ile bila maelezo ningesema amegongwa na gari. Ile mistari ya ngozi uliyoiona, nimeipima kwenye kipande cha ngozi kilichoachwa mkiani, kisha nikachukua taya la yule mdomo mrefu nikaliweka juu. Meno yameingia kila moja mahali pake.

Nilijua siku ile ile, Bata. Nikaandika "mengine tutaongea", kwa sababu Mama alikuwa begani na presha yake, na kwa sababu nilijiambia wewe ni mtu mzima, pomboo mkubwa hana ugomvi na mtu mzima. Sikujua habari ya mimba. Wewe ulimficha Mama, mimi nikamficha Mama, na katikati hapo tumefichana sisi.

Sasa nisikilize. Nimewauliza wanaosoma mambo haya. Mdomo mrefu humgonga yule butu, humrusha, humgonga tena mpaka atulie. Kisha hamli. Anamwacha hapo hapo. Wanasema huenda ni kwa sababu yule butu ana ukubwa wa mtoto, na madume hao wameonekana wakiua hata watoto wa pomboo wenzao ambao si damu yao. Hakuna anayejua kwa hakika. Ila ile sauti ya kugonga gonga ndiyo macho yake. Inapenya nyama. Anapoweka pua juu ya kitovu chako sidhani kama anakutazama wewe.

Sema una mimba. Katisha tiketi. Nikusikie uko mlangoni.

Kaka yako


29 Mei

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako ilinitoa jasho. Nilikaa siku nzima sikushuka, nikasingizia sikio. Kesho yake nikaichukua nikampelekea mwenye bustani ofisini, nikampa aisome mwenyewe kuanzia pale pa mbavu, nikiwa nimekunja juu na chini ili asione habari zangu. Ana ofisi yenye zulia, na feni inayogeuka na kukutazama.

Alisoma, hakukasirika. Akainuka, akateremsha picha iliyotundikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Ni ile mliyomtumia. Akaiweka mbele yangu, akaniambia, "Binti yangu, nionyeshe ubavu uliovunjika."

Nikatafuta, Kaka. Nilizihesabu kwa kidole, mmoja mmoja. Zote nzima. Zimejipanga kama meno ya kitana, hakuna ufa, hakuna alama. Akasema, "Aliyeziunga ni nani? Si huyo huyo kaka yako? Basi picha inasema kweli au barua inasema kweli?" Nikakosa pa kuweka uso. Mhasibu alikuwa pale mlangoni anasubiri sahihi, akacheka.

Sijui nikuelewe vipi. Tangu utotoni ulikuwa unanitisha nisiende mtoni, ukisema kuna kitu chini kinavuta miguu. Nilikusamehe, ulikuwa unanipenda. Kama hii nayo ni hiyo, niambie tu.

Nimekata shauri. Jukwaa linafunguliwa Jumamosi ya pili ya Juni. Nitafanya onyesho hilo moja, kisha Jumatatu nitasema nina mimba, nikae mlangoni niote mizizi. Moja tu. Nimeshaahidi, na baada ya aibu ile siwezi kurudi tena kwa yule mzee na hofu mkononi.

Wa tatu amekufa jana. Wamesema ni joto.

Bata


6 Juni

Mdogo wangu,

Picha ni ya uongo. Mikono yangu ndiyo iliyodanganya.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Bata, na hujawahi kuiona nikiifanya. Mfupa ukija umevunjika naunganisha kwa waya ndani, najaza ufa kwa plasta, nasugua kwa msasa laini, napaka rangi ya mfupa mpaka mimi mwenyewe nisione. Hivi ndivyo nilivyofundishwa, mnyama apangwe alivyokuwa mzima, wageni wa makumbusho hawaji kutazama ajali. Mkuu alisema itengenezwe vizuri, nami nikaitengeneza vizuri. Nilijivunia. Nilimwita mfagiaji aje aone kama atagundua pale palipovunjika, hakugundua, nikacheka.

Nimepiga simu kwenye bustani yenu. Alipokea mwenyewe. Nikajitambulisha, akanichangamkia, akanisifu kwa kazi ya kabati. Nikasema namtaka dada yangu. Akasema, "Yuko majini, anafanya mazoezi." Nikamwambia amtoe. Akasema atakupa salamu.

Nimepiga tena jana. Uko majini. Mama ameanguka bafuni, nimeshindwa kumwacha, nimempata jirani wa kukaa naye na kesho napanda basi. Kama barua hii itanitangulia, usishuke. Nidharau mengine yote, niite mwoga, usishuke.

Kaka yako


19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Basi lako lilivyoharibika njiani ukafika Jumapili, sikukulaumu, na sasa umerudi kwa Mama nakuandikia yale niliyoshindwa kusema ukiwa umekaa pale kwenye ubao wa kitanda. Ulipouliza niligeukia ukuta. Kuta nazijua.

Watu walikuwa wengi. Mume wangu alikuwa safarini. Nilishuka, muziki ukaanza, Bwana Harusi akaja akaweka pua mahali pake. Akagonga gonga. Watu wakasema "aaah" wote pamoja, nililisikia hata chini ya maji. Halafu akarudi nyuma. Nilimwona anarudi polepole hadi mwisho wa bwawa, kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Nikajua. Nikaangalia ngazi, zilikuwa mbali. Uso wake ulikuwa ule ule.

Alinigonga mara mbili. Baada ya ya pili, watu walipiga makofi, Kaka. Walidhani ndivyo tulivyopanga.

Daktari aliniuliza ni gari gani. Mbavu zangu zitaunga, anasema, ni suala la muda. Mtoto hayupo. Alikuwa wa kike. Hilo hukulijua, sikukwambia, muuguzi aliniambia mimi peke yangu nami nikalikalia.

Mwenye bustani alikuja na maua. Amesema mnyama alikuwa na furaha iliyopita kiasi. Amesema wavuvi wameleta wa nne.

Msomee Mama barua hii. Yote. Usipapite mahali.

Na zile mbavu, zirudishe zilivyokuwa.

Mdogo wako


4 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, amekaa hapa, anasikiliza ninavyoandika. Nilimsomea yote. Presha haikupanda. Aliuliza tu zile kofia ziko wapi, nikamwambia unazo.

Nimezirudisha. Nilitoa plasta kwa kisu kidogo, nikatoa rangi kwa pamba na spiriti, nikachomoa waya wa ndani, nikauacha kila ufa wazi. Kazi ya kuharibu ilikuwa ndefu kuliko ya kutengeneza. Mkuu alinikuta nikiwa nusu, tukagombana, kabati likafungwa. Ila nimepiga picha mpya na kuzipeleka magazetini, moja ina taya la mdomo mrefu limewekwa juu ya ile ngozi. Moja imetumwa kwa mwenye bustani. Hajajibu.

Kabla halijafungwa Mama aliomba nimpeleke. Nilimshika mkono ngazi baada ya ngazi na ule mguu wake. Hakumtazama yule mkubwa kabisa. Alimsogelea mdogo, akapitisha vidole pale palipovunjika, upande huu na upande ule, polepole, kama anavyokagua mchele. Akaniuliza, "Na huyu, alipiga kelele?"

Nikamwambia huenda alipiga, Mama, ila sauti yao masikio yetu hayaifikii.

Akasema, "Ya mwanangu ilifika. Tulikuwa tunaisoma pale nyumbani mezani."

Jumapili tunakuja, yeye na mimi. Usituandalie kitu.

Kaka yako